Kopo la bluu

Mwanangu ana usonji, na aliacha pampasi za mchana akiwa na miaka saba na miezi minne. Nautaja umri huo wazi kwa sababu wakati ule nilikuwa nauficha. Dukani nikiulizwa pampasi kubwa hivi za nani, nilisema za bibi yangu, kapooza. Muuza duka ananipa pole na kunipunguzia mia tano, nami napokea pole ya bibi aliyefariki kabla sijaolewa.

Nitamwita Babu, kama tunavyomwita nyumbani, maana amerithi jina la babu yake mzaa baba. Amezaliwa Februari 2017. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu Tandika, Dar es Salaam. Baba yake ni dereva wa lori njia ya Tunduma, kwa mwezi tunamwona siku sita au saba. Tunakaa chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji watano, choo kimoja, kipo uani. Hayo nayasema mapema kwa sababu ushauri mwingi niliopewa ulikuwa wa watu wenye choo chao ndani, chenye vigae vyeupe, na wala hakuna mpangaji anayegonga mlango akisema anachelewa kazini.

Babu alisema maneno akiwa na mwaka na nusu. Mama, maji, nyau. Alipovuka miaka miwili yakapotea moja moja, hadi kikabaki kilio na kunivuta mkono. Nikaambiwa watoto wa kiume huchelewa. Nikaambiwa nimkate kimeo, na hapo nilikataa kabisa, kwa kuwa nilishamwona mtoto wa jirani anakimbizwa hospitali usiku, mdomo umejaa damu. Neno usonji nililisikia kwa daktari mwaka 2021, Babu ana miaka minne. Alinieleza vizuri kwamba ubongo wake umejengwa kwa namna nyingine, kwamba sikuusababisha mimi kwa malezi yangu, na kwamba hakuna dawa ya kumeza ikauondoa. Nilirudi nyumbani na karatasi, na pampasi nyingine ya kubadilisha.

Kila tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kwa ajili ya usonji kwa azimio la mwaka 2007, redio zinazungumzia dalili: mtoto hatazami machoni, haitiki jina, anapanga vitu mstari. Nasikiliza kila mwaka. Sijasikia mtu akisema mavi. Na mimi miaka minne ya maisha yangu ilikwenda hapo hapo.

Poti ya kwanza nilinunua mwaka 2020, ya kijani, ina kichwa cha bata. Watoto wote wa ukoo wetu waliacha nepi na miaka miwili na nusu, na mama yangu alishaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Nikamkalisha Babu, akasimama. Nikamkalisha tena nimemshika mabega, akapiga ukelele hadi wapangaji wakatoka vyumbani. Siku ya tatu nikagundua kwamba nikimpa simu yenye katuni anatulia, basi nikamwachia simu. Akakaa saa nzima, saa moja na nusu, mpaka duara la poti likajichora mapajani. Hakutoa hata tone. Nikimvika pampasi, dakika mbili hazipiti, anaingia nyuma ya pazia la mlango, ananyamaza, mishipa ya shingo inamtoka, anamaliza.

Mimi niliona kiburi. Leo nikikutana na mama ananisimulia habari hiyohiyo namwambia: dada, mtoto anayesubiri avikwe pampasi ndipo aachie, huyo anaweza kubana. Nusu ya kazi ameshaimaliza. Babu alikuwa anajua vizuri kitu kinakuja, alikuwa anajua mahali pake, ila kwa akili yake mahali pake ni ndani ya pampasi, nyuma ya pazia. Hakuna aliyemwonyesha vinginevyo kwa njia anayoielewa.

Nilimchapa. Si mara moja. Naliandika hili kwa sababu nikiliruka mtadhani mambo yalikwenda kwa upendo tu. Fimbo ilimfundisha jambo moja, kujificha zaidi. Siku moja mwaka 2022 nilimkuta amemalizia kwenye kikapu cha vitambaa vya wateja, juu ya kitenge cha watu cha harusi. Nilikilipa kitenge kile shilingi 35,000, na mteja hakurudi tena.

Katikati ya 2023 tumbo likaanza kumsumbua. Alikuwa anakaa siku nne, tano bila choo kikubwa, halafu ghafla chupi zinachafuka kwa majimaji mara sita kwa siku. Nikasema anaharisha. Nikampa ORS, nikamnyima papai, nikanunua na vidonge vya kufunga tumbo duka la dawa. Akazidi kuwa mkali, analala kifudifudi juu ya mto anajigandamiza tumbo, anauma mkono wake mwenyewe. Hapo pia nilisema ni usonji. Ukishapewa jina la ugonjwa, kila kitu unakitupia humo.

Daktari mwingine, dada mdogo tu kiumri, ndiye aliyemlaza akambonyeza tumbo upande wa kushoto chini. Akaniita nami nibonyeze. Palikuwa pagumu kama muhogo. Akanieleza kwamba mtoto amefunga choo kwa muda mrefu, choo kigumu kimeziba njia, na yale majimaji ninayoyaona yanapita pembeni yake. Zile dawa za kuzuia kuharisha zilikuwa zinakaza zaidi. Jambo la pili aliloniambia ndilo lililonikalisha chini: utumbo ukitanuka hivyo kwa miezi, hisia zinafifia, mtoto hasikii tena kwamba kuna kitu kinatoka. Na choo kigumu kinauma, kwa hiyo akisikia kidogo anabana, akibana kinakuwa kigumu zaidi. Watoto wenye usonji wengi wana shida hii, kwa sababu ya kuchagua chakula na kwa sababu hawasemi wanapoumwa.

Kwa hiyo kabla hujanunua poti, kabla hujavua pampasi, mpeleke mtoto akapapaswe tumbo. Mimi nilianzia mwisho.

Alipewa laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo. Nikafanya kosa jingine: baada ya wiki mbili choo kikawa laini, nikaacha kumpa kuokoa hela. Mwezi haukwisha tukarudi palepale. Safari ya pili nilielewa kwamba dawa hiyo huendelea miezi ili utumbo urudi umbo lake, na kuipunguza au kuiacha ni kwa maelekezo ya daktari. Tuliitumia miezi saba. Chakula kilikuwa vita kingine, maana Babu alikuwa anakula vitu vitatu tu: chipsi kavu, mkate mweupe na wali usioguswa na mchuzi. Papai alilitapika kwa kulinusa. Maji ya kunywa anayarudisha. Kilichotuokoa ni barafu za ukwaju, zile za mia mia za kwenye nailoni. Nikawa nazigandisha mwenyewe, ukwaju mwingi sukari kidogo, anafyonza tano kwa siku. Maji yakaingia kwa mlango huo.

Oktoba mwaka huohuo ndipo nilipokutana na mtaalamu wa tiba kazi, wale wanaofundisha watoto kushika kijiko na kufunga vifungo. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za poti tangu mwanzo. Akanikatisha.

"Mama Babu, akitaka maji anaombaje?"

"Haombi. Mimi namjua, naona tu."

"Akitaka chipsi?"

"Analia, namfuata anakonivuta."

"Akiumwa?"

Nikanyamaza.

"Sasa dada yangu," akasema, "maji haombi, chakula haombi, maumivu hasemi. Hilo la choo ulitaka aanze nalo?"

Nilicheka, halafu nikalia pale pale mbele yake. Nilikuwa najivunia kwamba mimi namjua mwanangu hata asiposema. Kumbe kwa kumjua kwangu kwote kule nilikuwa nimemwondolea kila sababu ya kuniambia kitu.

Alinipa kazi mbili. Ya kwanza, wiki mbili nisifundishe chochote, niandike tu. Daftari langu la vipimo vya wateja nikaligeuza nyuma: mbele viuno na vifua vya watu, nyuma mkojo na choo cha Babu. Kila nusu saa naigusa pampasi, kavu au imelowa, naandika saa, kala nini, kanywa nini. Ni kazi ya kuchosha na wateja walikuwa wananishangaa. Lakini siku ya kumi na nne nikaona kitu ambacho miaka mitatu sikukiona. Mkojo ulikuwa unakuja kila saa moja na nusu hivi. Choo kikubwa, siku tisa katika zile kumi na nne, kilikuja ndani ya nusu saa baada ya uji wa asubuhi. Daktari akaniambia ndivyo mwili ulivyo, tumbo likipokea chakula utumbo mpana nao unaamka. Kumbe ile saa moja na dakika ishirini asubuhi niliyokuwa nahangaika kufungua cherehani, ndiyo ilikuwa saa yake.

Kazi ya pili ilikuwa picha. Mfumo wa kubadilishana picha wameuanzisha Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware, Marekani, mwaka 1985. Mtoto anachukua picha ya kitu anachokitaka, anakuwekea mkononi, nawe unampa kitu chenyewe palepale. Mimi nikasikia neno picha tu, nikakimbilia steshenari. Nikachapisha kadi kumi na mbili kutoka kwenye intaneti, zikapigwa leminesheni, 12,000 ikaenda. Ya choo ilikuwa na choo cha kukaa, cheupe, kina mfuniko. Babu hajawahi kuona kitu kama kile maishani mwake. Aliigeuzageuza, akaitafuna kona, akairusha chini ya kitanda.

Mtaalamu alipoziona akatingisha kichwa. Makosa yalikuwa mawili: picha haikuwa ya choo chake, na nilianza na kitu asichokipenda. Anza na chipsi, akasema. Basi nikaipiga picha sahani yetu ya chipsi, na jioni tukafanya kama alivyotuelekeza, watu wawili. Mimi mbele nimeshika chipsi moja, binti ya kaka yangu nyuma ya Babu, amenyamaza kabisa, Babu akinyoosha mkono kwenye chipsi yeye anauongoza mkono ule uokote picha na kunipa. Nikiipokea nasema "chipsi" na kumpa. Mara ishirini kwa jioni. Kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko yote, maana ulimi wa mzazi unawasha: "mpe mama, mpe mama". Wiki ya tatu akaiokota mwenyewe, akavuka baraza, akaja kuniwekea kwenye goti nikiwa nashona. Hakuna mshono niliowahi kuumaliza vibaya kwa furaha kama ule.

Ya choo haikuingia. Niliupiga picha mlango wa mabati wa choo chetu, nikaibandika picha sebuleni, akawa anaipita tu.

Ikafika Januari 2024. Januari kwa fundi ni sare za shule, usiku na mchana. Jioni moja nimezungukwa na sketi za bluu, Babu akaja na kopo la chooni, lile la plastiki la bluu tunalochotea maji, akaliweka juu ya cherehani, juu ya kitambaa cha mtu. Nikafoka, nikalirudisha uani. Akalileta tena. Nikalitundika kwenye msumari wa juu asikofika, kama nilivyokuwa nimefanya siku nyingi, maana alikuwa na tabia hiyo ya kuchezea kopo chafu na mimi nilishaikataza. Akasimama chini ya msumari, akalitazama kopo, akanitazama mimi, akajikojolea.

Niliacha kukanyaga cherehani. Nilikaa pale naangalia maji yanavyofuata mfereji wa sakafu, na nikawa nahesabu. Tabia ya kuchezea kopo ilianza lini? Kabla ya Krismasi. Kabla ya mvua za vuli. Msumari ule niliupigilia Septemba. Huyu mtoto alikuwa ananiambia tangu Septemba, na mimi nimelitundika neno lake ukutani.

Asubuhi yake nikanunua kopo jingine, bluu ileile, shilingi 1,500, nikalitundika karibu na mlango wa sebule kwenye urefu wa kifua chake. Na tukaweka sheria ya nyumba: kopo likiletwa, kila kitu kinasimama. Hata kama nina mteja nimemzungushia futi kiunoni. Hata kama katoka chooni dakika kumi zilizopita. Wiki ya kwanza alilileta mara ishirini kwa siku, nadhani alikuwa anajaribu kama kweli linafanya kazi. Nilikwenda mara zote ishirini. Mpangaji wa chumba cha pili aliuliza kama nina ugonjwa wa tumbo.

Hapohapo tukagundua kwamba kila mtu nyumbani alikuwa na lugha yake. Mimi nasema susu, baba yake anasema kojoa, mama mkwe anasema haja ndogo, na binti ya kaka yangu anasema twende uani. Mtoto ambaye neno moja linamshinda, sisi tunampa manne. Tukachagua "choo", na kila anayemshika Babu aliambiwa aseme hilo tu, bila mkia. Lina uzuri wake pia: Kiswahili kimetumia neno moja kwa mahali na kwa kitu chenyewe.

Kumfikisha mlangoni kukawezekana. Kumwingiza ndani kulikuwa habari nyingine. Siku moja nilichuchumaa mle nikajaribu kuwa yeye. Giza. Sakafu imelowa na ni ya baridi, na Babu hawezi kukanyaga majimaji. Harufu ya dawa ya kusafishia inachoma pua. Mlango wa bati ukigongwa unalia kichwani. Na tundu lenyewe, jeusi, linatoa sauti. Nikaanza na hayo. Taa ya 3,000. Ndala zake mwenyewe zinazokaa ndani daima kavu. Tambara la kufutia sakafu kabla hajaingia. Wapangaji nikawaomba, kwa adabu na kwa maandazi, wasigonge kati ya saa moja na saa moja na nusu asubuhi. Wanne walikubali.

Kwa tundu, fundi seremala alinitengenezea kiti cha mbao chenye nafasi katikati, kinachokaa juu ya choo, pamoja na kibao cha kukanyagia ili magoti yainuke juu kidogo ya nyonga, shilingi 28,000. Kuchuchumaa kwenyewe ndiko kunakorahisisha choo kutoka, kwa hiyo usimkazanie kiti mtoto anayekubali kuchuchumaa. Babu alihitaji kitu cha kushika na kitu cha kuficha lile tundu.

Halafu tukaenda kwa vipande. Kwanza pampasi inabadilishiwa chooni tu, si chumbani. Baadaye, kile cha nyuma ya pazia kikahamia chooni: anasimama mle amevaa pampasi yake, anafanya, tunakimwaga pamoja kwenye tundu, anamwagia maji. Kisha anakaa kwenye kiti amevaa pampasi. Kisha, na hii mtaalamu ndiye aliyenipa, unakata tundu kwenye pampasi. Amevaa, mwili wake umetulia, lakini choo kinapita. Kila siku mbili nalikuza kwa mkasi, hadi mwisho mwanangu akawa anakaa chooni amevaa mkanda mtupu wa pampasi kama mcheza ngoma. Siku mkanda ulipoachwa hata hakugeuka kuutafuta.

Zawadi nilijaribu pipi, hazikumgusa. Babu anapenda gurudumu la cherehani, lile la pembeni, anaweza kulizungusha hadi usingizi. Likawa ndilo malipo: umekaa chooni, hata kama hujatoa kitu, unazungusha gurudumu nahesabu hadi sitini. Papo hapo, kabla hata mikono haijakauka vizuri. Ukichelewesha dakika tano hajui tena analipwa kwa lipi.

Pampasi za mchana nilizivua likizo ya Juni 2024, baba yake aliomba siku kumi za mapumziko, na nilikuwa nimenunua chupi tisa. Siku ya kwanza ajali kumi na moja. Siku ya pili tisa. Siku ya nne nilitaka kuzirudisha, mume wangu akazificha kwenye lori. Ilipotokea ajali tulisema neno moja, "choo", tukampeleka kumalizia huko, tukafuta sakafu naye akishika tambara, basi. Bila kufoka, bila mahubiri. Siku ya nane alishuka kitandani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akapita mbele yetu tukiwa tunakunywa chai, akachukua kopo, akatoka uani peke yake. Tulikodoleana macho na mume wangu, hakuna aliyethubutu kumfuata. Baadaye tulisikia maji yanamwagika, mengi mno, ndoo nzima. Hilo la kumaliza maji ya wapangaji lilituchukua mwezi mwingine, hadi nilipochora mstari mwekundu ndani ya ndoo.

Agosti tulisafiri kwenda msibani Korogwe, na mimi kwa hofu ya basi nikamvika pampasi. Huko choo ni cha shimo na watu wamejaa. Tuliporudi tukawa tumepoteza wiki tatu za kazi. Siku hizi safari ni chupi, nguo za kubadili nne, nailoni ya kutandika kwenye kiti, na kopo ndani ya mkoba.

Shuleni mambo yalikuwa mazito zaidi. Kopo la chooni darasani, mwalimu alilichukua, na kwa kweli ukilitazama kwa macho yake unamwelewa. Babu akawa anarudi suruali imelowa, siku nyingine imekauka mwilini. Nilikwenda nimejaza maneno, lakini yule mama ana watoto zaidi ya arobaini, hakuna aliyemwambia kitu. Nilirudi nyumbani nikachukua lile kopo la zamani, nikalikata mkono wake kwa msumeno, nikausugua makali, nikaufunga kwa utepe kwenye kishikio cha mkanda wa suruali. Kipande kidogo cha plastiki ya bluu, urefu wa kidole. Wiki moja nyumbani tulitumia kipande hicho na kopo pamoja, kisha kipande peke yake. Akishika kipande na kukuvuta, ndiyo hiyo. Mwalimu alikikubali, na mwenzake mmoja wa darasani, kichwa kweli, akaanza kumwambia mwalimu kabla hata Babu hajafika mbele.

Kuna la kuogofya ambalo sitaki kulizungushia maneno. Mtoto asiyesema, anayevuliwa nguo na watu wazima, ni rahisi kudhuriwa na hawezi kushtaki. Kwetu watu watatu tu wanampeleka chooni, na shuleni mmoja anayejulikana. Tangu mwanzo tulimfundisha mlango unafungwa, suruali inashuka mle ndani tu, na kujitawaza mwenyewe mkono wa kushoto hata kama anafanya vibaya, ili mapema iwezekanavyo pasiwe na mtu mwenye sababu ya kumgusa. Hilo la kutawaza bado halijakamilika. Chupi zake nazifua nikijua.

Usiku bado anavaa pampasi. Mtaalamu alinitoa wasiwasi, kukauka usiku kunakuja na ukuaji wa mwili na hakufundishwi kwa kuamshwaamshwa. Zamani nilikuwa natumia kama 90,000 kwa mwezi, mchana na usiku, siku hizi haifiki 30,000, na dukani nikiulizwa ni za nani nasema za mwanangu, ana miaka minane.

Ameanza kuleta na vitu vingine. Bobini, kile kidude cha uzi wa chini cha cherehani, maana yake anataka gurudumu. Nailoni tupu ya barafu. Kikombe cha bati, ambacho wiki nzima nilikijaza maji kabla sijagundua anataka chai. Jana jioni ameniletea ndala yangu moja, ya kulia, akaiweka mbele ya mguu wangu akasimama. Niliivaa, nikavaa na ya pili, nikamfuata. Tulifika hadi kwenye kona ya barabara kuu, akasimama anatazama malori. Sijui bado. Baba yake anarudi Alhamisi.